Sikio la J Dilla: Kwa Nini Biti Zake Zinapendwa

Biti ya sampo ni mdundo wa hip hop unaotengenezwa kwa kukata kipande cha muziki uliokwisha kurekodiwa, kukipanga upya na kukirudia hadi kizae wimbo mwingine. Kipande hicho chaweza kuwa sekunde mbili za kinanda, pumzi ya mwimbaji kabla ya neno la kwanza, au kishindo kimoja cha ngoma. Anayekikata huitwa prodyuza, na mara nyingi jina lake hubaki nyuma ya jina la rapa. Wachache wamevuka mpaka huo. Mmoja wao ni James Dewitt Yancey wa Detroit, Marekani, aliyejulikana kwanza kama Jay Dee na baadaye kama J Dilla. Alizaliwa tarehe 7 Februari 1974, akafariki tarehe 10 Februari 2006 akiwa na umri wa miaka 32.

Alipokuwa hai, wengi waliocheza nyimbo zake hawakulijua jina lake. Baada ya kifo chake mashabiki wameongezeka mwaka hadi mwaka, wakiwemo vijana waliozaliwa wakati yeye hayupo tena. Mapenzi yao yana sura ya pekee, kwa sababu kinachopendwa hasa ni namna mtu huyu alivyosikiliza. Alisikia katika santuri za wengine jambo ambalo hata wenyewe waliozirekodi hawakulipa uzito, naye shabiki huifuata njia hiyo kinyumenyume: huanzia kwenye biti, akaishia kwenye santuri.

Malezi ya Detroit

Yancey alikulia Conant Gardens, mtaa wa Wamarekani Weusi uliopo kaskazini-mashariki mwa Detroit. Baba yake alipiga gitaa la besi na kuimba jazi. Mama yake, Maureen Yancey, ambaye mashabiki humwita Ma Dukes, naye alikuwa mwimbaji. Nyumba ilijaa santuri. Mji wenyewe ulikuwa na hazina ya aina hiyo. Kampuni ya Motown, iliyoanzishwa Detroit mwaka 1959, ilihamia Los Angeles mwaka 1972, miaka miwili kabla Yancey hajazaliwa. Kampuni iliondoka, lakini santuri zilibaki katika makabati ya watu na katika maduka ya vitu vya mitumba, ambako kijana mwenye fedha kidogo aliweza kuondoka na bunda zima.

Akiwa shule ya sekondari ya Pershing alikutana na T3 na Baatin, na watatu hao wakaunda kundi la Slum Village. Mwalimu wake mkubwa wa mashine alikuwa Amp Fiddler, mpiga kinanda aliyewahi kufanya kazi na bendi ya Parliament-Funkadelic. Fiddler alikuwa na mashine ya Akai MPC60 nyumbani kwake, na alimruhusu kijana huyo kuja kujifunza. Mwaka 1994 Fiddler alimtambulisha kwa Q-Tip, kiongozi wa kundi la A Tribe Called Quest la New York, aliyepewa kaseti ya Slum Village. Mlango wa nje ya Detroit ulifunguka kwa kaseti hiyo.

Mashine na mipaka yake

MPC ilibuniwa na Roger Linn kwa ajili ya kampuni ya Akai ya Japani. Toleo la kwanza, MPC60, lilitoka mwaka 1988. MPC3000, ambalo ndilo linalohusishwa zaidi na J Dilla, lilitoka mwaka 1994. Ni kisanduku chenye vibonye 16 vya mpira. Prodyuza huingiza sauti kutoka kwenye santuri, huikata vipande, hukipa kila kipande kibonye chake, kisha hupiga vibonye kwa vidole kama mpiga ngoma. Mashine hukumbuka alichopiga na kukirudia.

Kumbukumbu ya mashine za wakati ule ilikuwa finyu, ikihesabiwa kwa sekunde. Maprodyuza walizoea kuicheza santuri kwa kasi kubwa wakati wa kuirekodi ili itumie nafasi ndogo, kisha kuishusha kasi ndani ya mashine. Sauti iliyopita njia hiyo ilitoka na ukwaruzo na uzito ambao haukuwapo mwanzo. Ufinyu huo uliwafundisha pia kuchagua: mwenye sekunde chache hawezi kuchukua wimbo mzima, ni lazima ajue ni sekunde zipi anazozitaka.

Kuchagua

Kazi ya kwanza, basi, ni kupekua santuri. Mwaka 1995 kundi la The Pharcyde la Los Angeles lilitoa albamu ya Labcabincalifornia, ambamo Jay Dee alitengeneza nyimbo kadhaa. Biti ya wimbo wake maarufu, Runnin', inatokana na rekodi ya bosanova, muziki wa Kibrazili, ya Stan Getz na Luiz Bonfá iliyotoka mwaka 1963. Gitaa la Bonfá lililotulia likageuka kuwa msingi wa wimbo wa vijana wanaosimulia hofu na kuandamwa. Mwaka 2000 rapa Common alitoa The Light, wimbo wa mapenzi ambao biti yake imejengwa juu ya Open Your Eyes wa mwimbaji Bobby Caldwell. Katika wimbo huo Jay Dee aliiacha sauti ya Caldwell isikike waziwazi.

Mfano wa tatu unagusa Kiswahili. Mwaka 1996 kundi la De La Soul lilitoa albamu ya Stakes Is High, na Jay Dee ndiye aliyetengeneza biti ya wimbo uliobeba jina hilo. Sampo yake inatoka katika Swahililand, utunzi wa mpiga piano Ahmad Jamal uliomo katika albamu ya Jamal Plays Jamal ya mwaka 1974, mwaka uleule aliozaliwa Yancey. Jamal, mzaliwa wa Pittsburgh aliyesilimu akiwa kijana, aliupa utunzi huo jina la nchi ya Waswahili. Utunzi ni mrefu na una mizunguko mingi. Jay Dee alichukua kipande kidogo tu na kukizungusha hadi kikawa na uzito wa onyo, sawa na maneno ya marapa wanaolalamikia hali ya hip hop ya siku zile.

Mifano hii mitatu imetoka mbali na mbali: Brazil na jazi, soul laini, piano ya Jamal. Hakuna aina moja ya muziki inayoiunganisha. Kinachoiunganisha ni sikio lililoweza kutambua, katikati ya wimbo wa dakika nyingi, sehemu fupi inayoweza kusimama peke yake.

Kukata

Kuzungusha kipande kama kilivyo ni njia rahisi, na J Dilla aliitumia pale ilipofaa. Mara nyingine alikata kipande hadi kisitambulike. Alichuja sauti za juu ili ibaki besi peke yake, au alichukua silabi moja ya mwimbaji na kuipanga mahali pa ala. Alipandisha kasi hadi sauti ya mwanamume mzima ikawa nyembamba, au aliunganisha mwisho wa mstari na mwanzo wa mwingine hadi mwimbaji akasema neno ambalo hakulisema.

Mfano ulio wazi kuliko yote upo katika Don't Cry, biti iliyomo katika albamu yake ya Donuts. Wimbo wa asili ni wa The Escorts, kundi la soul lililoundwa na wafungwa wa gereza la Rahway, New Jersey. J Dilla anaanza kwa kuwaacha waimbe kama walivyorekodiwa. Baada ya muda anaukatakata wimbo huohuo, vipande vidogo vinarukiana, na maombolezo yaleyale yanapata umbo jipya. Ni kana kwamba fundi ameweka kitambaa mezani ili kila mtu akione, kisha akashika mkasi. Mashabiki wengi humtajia mgeni biti hii kwanza, kwa kuwa inaonyesha kazi ikifanyika.

Kuweka

Sifa iliyomtofautisha zaidi, hata hivyo, ni mahali alipoyaweka mapigo. Mashine kama MPC ina kazi ya kunyoosha mapigo: mpigaji akiwahi au akichelewa kidogo, mashine hulisogeza pigo lake hadi kwenye mstari. Ina pia kipimo cha swingi, kinachochelewesha kila pigo la pili ili mdundo uyumbe kama jazi. Prodyuza wa kawaida alichagua moja: mapigo yaliyonyooka au mapigo yenye swingi, na ala zote zikafuata.

Katika biti za J Dilla ala hazifuati amri moja. Haihati (matoazi mawili) inaweza kwenda sawasawa huku sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali) ikiwahi kidogo na ngoma kubwa ikichelewa, nayo besi ikiburuta nyuma yao. MPC huligawa kila pigo sehemu 96. Kwa wimbo wenye mapigo 90 kwa dakika, kila sehemu ni takriban milisekunde 7. Kusogeza sneya kwa sehemu chache tu ni jambo ambalo sikio halilihesabu, ila kichwa kinachotikisika hulihisi mara moja. Questlove, mpiga ngoma wa bendi ya The Roots, amesimulia mara nyingi alivyoshangaa aliposikia kwa mara ya kwanza ngoma hizo katika wimbo wa The Pharcyde: aliziona kama zimepigwa na mtoto mdogo aliyelewa. Mshangao huo uligeuka kuwa masomo ya miaka mingi.

Katika maelezo ya mashabiki, siri yote mara nyingi hufupishwa kwa sentensi moja: alizima kitufe cha kunyoosha mapigo. Mwandishi Dan Charnas, katika kitabu chake Dilla Time cha mwaka 2022, ameonyesha kuwa maelezo hayo ni pungufu. J Dilla aliitumia mashine, hakuikimbia. Alisogeza sauti moja moja kwa makusudi, akaziacha nyingine mahali pake, na mgongano wa mwendo ulionyooka na mwendo wa swingi ukazaa mwendo wa tatu. Kuyumba kulikuwa ni uamuzi, na ndiyo maana kuliweza kurudiwa bila kukosea katika kila mzunguko wa biti.

Mafundi walivyomkubali

Mashabiki wake wa kwanza walikuwa mafundi wenzake. Pamoja na Q-Tip na Ali Shaheed Muhammad aliunda kikundi cha maprodyuza kilichoitwa The Ummah, neno la Kiarabu lilelile lililotupa umma katika Kiswahili. Kikundi hicho kilitengeneza albamu za A Tribe Called Quest za mwaka 1996 na 1998. Mapokezi hayakuwa ya shangwe tupu. Baadhi ya wapenzi wa zamani wa kundi waliuona mlio mpya kuwa mzito na wa giza, na lawama nyingine zilimwangukia kijana wa Detroit.

Hali ilibadilika kuelekea mwaka 2000, alipojiunga na Questlove, D'Angelo na James Poyser katika kundi la wanamuziki lililojulikana kama Soulquarians, ambalo kazi zake nyingi zilirekodiwa katika studio ya Electric Lady, New York. Mwaka huo zilitoka Like Water for Chocolate ya Common, Mama's Gun ya Erykah Badu na Voodoo ya D'Angelo. Katika Voodoo wapigaji wa ala halisi walijitahidi kupiga kama biti za J Dilla, wakichelewesha besi na ngoma kwa makusudi. Jambo lilikuwa limepinduka: mashine iliyobuniwa kumwiga mpiga ngoma sasa inaigwa na mpiga ngoma. Baadaye mpiga piano Robert Glasper aliingiza biti zake katika jazi, na leo wanafunzi wa ngoma hujifunza mwendo huo kama wanavyojifunza samba au swingi.

Njia nyingine ya umaarufu ilikuwa kaseti na diski za biti. J Dilla alizoea kurekodi biti kwa mkupuo, kila moja fupi, bila rapa, na kuwapa wasanii wachague. Nakala zilivuja, zikanakiliwa tena, zikapita mkono kwa mkono. Hivyo ndivyo pia albamu ya kwanza ya Slum Village ilivyoenea nje ya Detroit mwishoni mwa miaka ya 1990. Kaseti na diski hizo za biti ziliwafundisha wasikilizaji kuisikiliza biti bila maneno, kama kazi iliyokamilika.

Donuts na kifo

Albamu ya Donuts ilitokana na mazoea hayo. Ina biti 31 katika muda wa dakika 43 hivi, nyingi zikiwa chini ya dakika mbili. Ilitolewa na lebo ya Stones Throw ya Los Angeles tarehe 7 Februari 2006, siku alipotimiza miaka 32. Siku tatu baadaye alifariki. Alikuwa ameugua kwa miaka kadhaa ugonjwa adimu wa damu pamoja na lupasi, akilazwa mara kwa mara katika hospitali ya Cedars-Sinai. Mwishoni mwa mwaka 2005 alizunguka Ulaya akitumbuiza akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Albamu inafunguliwa kwa kipande kilichopewa jina la hitimisho na kufungwa kwa kipande kinachowakaribisha watu kwenye onyesho, na mlio wa mwisho unarudi kwenye mlio wa mwanzo. Ni duara, kama donati, na kama santuri ndogo ya inchi 7 yenye tundu kubwa katikati. Ndani yake wamo The Jackson 5, Dionne Warwick, The Isley Brothers, bendi ya 10cc ya Uingereza na mvumbuzi wa ala za kielektroniki Raymond Scott. Vichwa vya biti na maneno machache yaliyobakizwa, kuhusu machozi, muda na kuagana, vimewafanya mashabiki waisikilize kama barua ya mtu anayejua siku zake zimehesabiwa.

Hapo ndipo hadithi ilipoizidi kazi. Imesemwa mara nyingi kwamba albamu nzima ilitengenezwa kitandani hospitalini. Ni kweli kwamba vifaa na santuri vilipelekwa hospitalini, na kwamba mama yake alimkanda vidole vilivyovimba ili aendelee kufanya kazi. Lakini Charnas anaonyesha kuwa sehemu kubwa ya Donuts ilianza kama mkusanyo wa biti uliotengenezwa nyumbani, na kwamba Jeff Jank wa Stones Throw alishiriki kuurefusha na kuupanga hadi ukawa albamu. Ukweli huu hauipunguzii albamu chochote. Unairudisha mahali pake: kazi ya fundi aliyekuwa katika kilele cha ustadi wake, ambaye pia alikuwa mgonjwa.

Mapenzi ya mashabiki yanavyoonekana

Mapenzi kwa J Dilla yana kalenda yake. Kila Februari hufanyika maonyesho ya kumkumbuka katika miji mingi, na Detroit ina sherehe inayoitwa Dilla Day. Yana pia vazi lake, fulana yenye maandishi ya Kiingereza yanayosema kuwa J Dilla alibadilisha maisha ya aliyeivaa. Mwaka 2009 mwanamuziki Miguel Atwood-Ferguson aliongoza okestra mjini Los Angeles kupiga biti za J Dilla kwa ala za nyuzi na tarumbeta, katika kazi iliyopewa jina la mama wa J Dilla, Suite for Ma Dukes. Montpellier, Ufaransa, ipo njia iliyopewa jina la Jay Dee.

Lakini ibada kuu ya mashabiki ni kutafuta asili. Shabiki husikia kipande, hujiuliza kimetoka wapi, hupekua santuri kwa miezi, na siku anapokipata huketi kusikiliza wimbo wa zamani hadi ifike sekunde ile. Furaha yake ina sehemu mbili: kuujua wimbo ambao asingeujua, na kugundua jinsi kipande kilivyo kidogo, pengine kimefichika nyuma ya sauti nyingine, mahali ambapo yeye mwenyewe angepita bila kugeuka. Kwa njia hii wanamuziki waliosahaulika wamepata wasikilizaji wapya.

Utafutaji huo una upande wa hatari. Tangu hukumu ya mahakama ya New York ya mwaka 1991 iliyomkabili rapa Biz Markie, kutumia sampo bila kibali Marekani ni kujitia kwenye kesi. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya mkoa wa sita, ambao Michigan imo ndani yake, iliamua kwamba hata kipande kifupi cha rekodi kinahitaji leseni. Kipande kilichobishaniwa kilikuwa sekunde mbili za gitaa la Funkadelic, bendi iliyokulia Detroit yenyewe. Kwa hiyo shabiki anayetangaza asili ya sampo anaweza kumsaidia mwanamuziki wa zamani apate haki yake, na papo hapo kumtia prodyuza matatani. 

Hukumu ya kazi yake

Sifa za mashabiki huvuka mipaka wakati mwingine. J Dilla hakuwa wa kwanza kukata sampo; Marley Marl, Pete Rock na DJ Premier walimtangulia, naye aliwasikiliza kwa makini. Wala si kila biti aliyoiacha ilikuwa tayari kutoka; miongoni mwa kazi zilizotolewa baada ya kifo chake zimo zilizokuwa bado mazoezi. Kinachobaki baada ya kupunguza chumvi ni kikubwa vya kutosha. Aliibadili namna wanamuziki wanavyoliweka pigo ndani ya muda, jambo linalosikika sasa katika jazi, soul na pop, hata kwa wapigaji wasiojua limetoka kwa nani.

MPC3000 aliyoitumia imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la taifa la historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi mjini Washington, lililofunguliwa mwaka 2016. Aliyeikabidhi ni mama yake. Mashine za aina hiyo ziliuzwa madukani, na hakuna kitu ndani yake kinachoeleza biti zilizotoka humo. Msomaji anayetaka maelezo na aisikilize Swahililand ya Ahmad Jamal kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha Stakes Is High. Umbali uliopo kati ya rekodi hizo mbili ndio kazi ya J Dilla.